Kitambaa Cheupe cha Baba Kilichonuka Omena

Uji wa muhogo wa kukazia kitambaa, ukikauka chini ya pasi ya makaa, hutoa harufu tamu kidogo, halafu inakuja kama ya kuungua, kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Mimi huinusa kila asubuhi hapa Kondele, Kisumu, kabla vijana wa boda hawajaanza kugombania abiria, kwa sababu kazi yangu ni kushona vitambaa vya kuweka kwenye mfuko wa kifuani wa koti. Ndiyo, vile vidogo. Watu wakisikia hucheka: "Hiyo tu ndiyo biashara yako?" Hiyo tu. Nina meza, mwavuli uliochoka, na pasi yenye jogoo wa chuma kwenye mfuniko wake. Siku moja nitakuwa na duka lenye mlango wa kioo. Wewe cheka tu, mimi nitakufungulia huo mlango ukija.

Juzi alikuja kijana mwenye suti mpya, lebo bado imeng'ang'ania mkono wa koti. Nilipojaribu kumwekea kitambaa, vidole vyangu vikagonga ukuta. Mfuko ulikuwa umeshonwa.

"Hiyo ni ya urembo tu, dada," akaniambia kwa uhakika. "Haifungukangi."

Nikachukua wembe, nikakata ule uzi taratibu, mfuko ukafunguka. Alishangaa kama mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba yake. Na mimi, nikiwa nimeinama pale kifuani pake huku ile harufu ya pasi ikinipanda puani, nikawa tena mtoto wa Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, nimesimama juu ya kiti mbele ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Siku za kazi ungemkuta na unga wa mbao kwenye nyusi na masikioni, lami kwenye kucha, suruali imefungwa kwa kamba ya nailoni. Lakini Jumapili! Jumapili Baba alivaa suti yake ya kijivu, ile ya harusi yake, na hata bata wa jirani walimpisha njia. Kabla hajatoka, Mama alimzuia mlangoni kila mara. Alikunja kitambaa cheupe, akakichomeka kwenye mfuko wa koti, kikakaa upande kidogo kwa sababu mkono wake mwingine ulikuwa na mwiko au mtoto. Kisha alirudi nyuma, akamtazama kutoka viatu hadi nywele, akagonga ule mfuko kwa kiganja na kusema, "Haya, Mzee. Enda wakuone." Hapo ndipo Baba alipotoka. Hakutoka kabla ya hapo hata kengele ya kanisa ikiwa imelia.

Mama alipofariki, Baba alikitia kitambaa kile mkononi mwa marehemu kabla jeneza halijafungwa. Nilimwona. Baada ya hapo suti iliingia kwenye sanduku chini ya kitanda, na Jumapili zikawa siku za kazi kama siku nyingine. Sisi tulienda kanisani, yeye alienda kupiga misumari ufukweni. Tulipokuwa tukiimba, nyundo yake ilisikika mpaka ndani, na mwalimu wa kwaya alijifanya hasikii.

Kisha dada yangu mkubwa, Akinyi, akapata mchumba. Mambo ya ukoo yakaenda vizuri, ng'ombe wakafika, harusi ya kanisani ikapangwa. Jioni moja tukiwa tunakula, Baba akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ugali, "Siku hiyo Odhiambo ndiye atakuingiza kanisani. Mimi koti hainitoshi."

Odhiambo ni baba yetu mdogo, mtu mwema, mwenye sauti kama ya injini ya mashua. Lakini hakuwa Baba. Na koti kutomtosha? Baba alikuwa amekonda tangu msiba, koti lingemzunguka na nafasi ikabaki. Akinyi aliosha sufuria moja kwa muda mrefu mno, ametupa mgongo, na mabega yake yakawa yanaruka.

Nilikuwa bado mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yamerudi, lakini kichwa changu kilifanya hesabu yake haraka. Baba hatoki kwa sababu hana kitambaa. Akipata kitambaa, atatoka. Basi kitapatikana. Sikumwambia mtu. Siku iliyofuata, baada ya shule, nikakaza kamba ya kaptura ya ndani na kutembea kwa miguu mpaka Kondele, kwa Fundi Njoroge.

Fundi Njoroge alikuwa ametoka upande wa Murang'a zamani sana, lakini alijua kupima mabega ya wanaume wa Kisumu kwa macho tu. Ndiye aliyemtengenezea Baba ile suti. Nilimkuta akikanyaga cherehani, sindano mdomoni.

"Fundi, nataka kitambaa ya mfuko ya Baba. Nyeupe."

"Baba gani?"

"Baba Akinyi. Wa Dunga."

Aliacha kukanyaga. Akatoa sindano mdomoni. "Amekutuma?"

"Hapana."

Alinitazama kidogo, kisha akainama kwenye gunia la vipande vilivyobaki na kuanza kufukua. Mimi nikaona kitambaa cha zambarau kinachong'aa, macho yakanitoka. "Hii! Na tai pia ukate hapo hapo!"

"Wewe kasichana, unataka kumvalisha mzee kama mtoto wa kwaya? Tai na kitambaa nguo moja? Ai!" Akavuta kipande cha pamba nyeupe kilichobaki kwenye joho la mhubiri fulani. "Mwanaume mwenye suti ya kijivu, mpe nyeupe. Halafu ukingo hautapita kwa cherehani yangu. Utashona wewe, na mkono."

Akanionyesha. Unalowesha vidole, unaviringisha ukingo mpaka uwe mwembamba kama uzi wa nyavu, unashona juu yake kwa mshono usioonekana. Niliviringisha, ukafunguka. Nikaviringisha tena. Nilienda kwake jioni nyingi, nikidunga vidole vyangu zaidi ya nilivyodunga kitambaa, na kona moja ikapata tone la damu ambalo halikutoka hata kwa majivu. "Hiyo kona ndiyo italala chini," Fundi akasema. "Kila kitambaa kina kona ya kulala chini." Kisha akanifundisha kukunja: mstari mmoja ulionyooka, juu ya mfuko kidogo tu, kama mtu anayechungulia ukutani.

Ilibaki kukifanya kisimame. Mama alitumia uji wa muhogo, na mimi nilikuwa nimemwona akiukoroga. Unga kidogo kwenye maji baridi, halafu maji ya moto mpaka ung'ae. Nikachovya, nikakamua. Sasa nikianike wapi? Ilikuwa msimu wa mvua, uani kwetu tope tupu, na kuku wa kwetu walikuwa wakinyea chochote kilichosimama. Nikafikiria mahali safi, penye jua, pasipo vumbi, na nikapata jibu ambalo mtoto wa Dunga peke yake angelipata. Nikaenda ufukweni na kukitandaza juu ya nyavu ambazo akina mama wanaanikia omena, wale dagaa wa ziwani.

Kilikauka vizuri sana. Kilikuwa kigumu kama karatasi, cheupe, nikakibeba kwa mikono miwili kama sadaka. Mimi sikusikia harufu yoyote. Ukizaliwa ndani ya harufu, pua yako inaacha kukuambia habari zake.

Asubuhi ya harusi nilitia makaa kwenye pasi, nikaifuta chini kwa jani bichi la mgomba, nikapiga. Joto lilipokipata kitambaa, harufu ikaamka. Hata mimi niliisikia sasa. Uji wa muhogo, na nyuma yake omena, omena wengi, ziwa zima. Nililia kidogo, huku nikiendelea kupiga pasi. Hakukuwa na kitambaa kingine.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake na nguo za kazi. Nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda mwenyewe, likikwaruza sakafu, nikatoa koti na kulikung'uta. Kisha nikaweka kitambaa juu ya goti lake.

"Baba, nimekushonea."

Alikiokota. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wote, taratibu, kama anavyopima kiungo cha mbao. Akaona ile kona yenye damu, akanitazama vidole. Halafu akakileta puani.

"Nyathina," akasema. Mwanangu. "Hii kitambaa umevua au umeshona?"

Na akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Baba ana pengo upande wa kushoto, kwa sababu pengo lile lilionekana akicheka tu.

Akaingia ndani, akaoga, akavaa. Nikakichomeka kitambaa kama nilivyofundishwa. Alipendeza, nakuapia. Lakini alipofika mlangoni akasimama. Nje gari lilikuwa limeshapiga honi, Baba mdogo Odhiambo ananguruma, "Omera, ndugu yangu, twende ama niende!", Akinyi yuko ndani ya gari na shela yake. Baba ameshika mwimo wa mlango, hatoki, harudi. Nilidhani nimekosea kukunja. Nikavuta kiti, nikapanda, nikakitoa na kukirudisha, na kwa haraka kikakaa upande. Sikuwa na muda wa kukinyoosha. Nikarudi nyuma kiasi kiti kilivyoniruhusu, nikamtazama kutoka viatu hadi nywele, nikagonga mfuko kwa kiganja.

"Haya, Mzee. Enda wakuone."

Baba alifumba macho kidogo tu. Kisha akatoka.

Kanisani mambo yalikwenda sawa mpaka katikati ya njia, ambapo paka wa kanisa alitoka chini ya benchi, akainua pua, na kuanza kuwafuata. Mkia juu, akisugua suruali ya kijivu, akilia kama anadai haki yake. Watu wakaanza kukohoa, kisha wakashindwa. Akinyi alicheka mpaka wanja ukashuka mashavuni. Odhiambo, ambaye hajui kunong'ona, akasema kutoka benchi la mbele, "Omera, leo unaozesha wawili?" Na Baba alitembea katikati ya kicheko kile kifua mbele, mkono wa binti yake umeshikwa vizuri, mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata ufukwe ulikuwa kimya. Hakukuwa na nyundo.

Kwa miaka mingi niliamini kazi ile ilifanywa na kitambaa, na ndiyo maana nilishika sindano nikakataa kuiachilia hata shule ilipoishia njiani. Nilikuja kuelewa siku niliyopata meza hii. Nilikuwa nimebeba pasi na kapu langu, na nikakwama mlangoni mwa Baba, nikisema labda nianze Jumatatu ijayo. Naye ni mzee sasa, anatembea akishika ukuta. Aliinuka polepole, akarudi nyuma hatua, akanitazama kutoka viatu hadi nywele. Akagonga bega langu, pale ninapotundika utepe wa kupimia. Hakuhitaji kumaliza maneno, nilikuwa nimeshaanza kulia na kutembea.

Kumbe miaka yote hiyo ya Jumapili, Baba alikuwa akisubiri mtu amtazame kwanza nyumbani, ndipo aweze kutazamwa na watu wengine.

Duka langu litakuwa na kioo kirefu, nimeshaamua. Lakini mteja hatakwenda kwenye kioo kabla hajapita kwangu. Yule kijana wa mfuko ulioshonwa alikuwa anaenda kwa wazazi wa msichana wake, kule Muhoroni, jasho limemjaa shingoni. Nikakata ile lebo ya mkononi, nikamchomekea kitambaa cheupe, kona mbaya chini, kikakaa upande kidogo. Nikarudi nyuma, nikamtazama kutoka viatu hadi nywele. Nikagonga mfuko.

"Enda wakuone," nikamwambia.

Akaenda.