Damu Haifui Nguo

Mama Buluu alikuwa dobi, na weupe wa nguo zake ulikuwa wa kutisha. Siku moja alianika shuka, jogoo wa jirani akawika saa nane mchana akidhani kunakucha. Kunguru naye alitua kwenye kamba yake, akaruka akiwa njiwa. Anayebisha akamuulize huyo kunguru.

Miaka thelathini alifua mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, kanzu za kanisani. Wino aliuweza, kutu aliiweza, hata oili ya gereji ilikimbia yenyewe ikimwona anakunja mikono ya gauni. Kilichomshinda kilikuwa foronya moja tu.

Foronya ya mumewe. Mzee alikuwa fundi viti, na sasa mapafu yalikuwa yamekwisha. Hospitali walimrudisha nyumbani wakasema apumzike. Kila akikohoa, damu ilibaki kwenye mto. Mama Buluu aliichomoa foronya mbio, akailoweka kwa maji baridi na chumvi, akasugua mpaka vidole vikachubuka, akatia buluu, ile rangi ya kung'arishia nguo nyeupe. Doa likabaki pale pale, rangi ya chai nyepesi, linamtazama.

Ila doa lenyewe halikuwa kitu. Kitu kilikuwa hofu ya mzee. Ng'ambo ya barabara mhubiri mmoja alifunga spika, na kila kukicha ni Ufunuo: mwezi umekuwa damu, nyota zinapukutika, mnyama anapanda kutoka baharini. Mzee akaamuru dirisha lifungwe, nyufa zizibwe kwa matambara. Chumba kikawa tanuri.

"Mama watoto," alisema siku moja, "yule anasema watakaoingia mbinguni ni wenye nguo nyeupe, zilizofuliwa kwa damu. Dobi ni wewe. Inawezekana?"

Mama Buluu, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu hata kabla hajaulizwa, akachukua ndoo akatoka nje. Damu ing'arishe nguo? Angemdanganyaje mtu anayemwona kila siku akishindwa na foronya?

Ijumaa mwinjilisti wa kanisa lao akaja kuchukua kanzu yake. Mama Buluu akaikalia.

"Mama, natakiwa mazishini saa tisa."

"Maiti hana haraka. Nijibu kwanza. Damu inatia doa, haitoi. Aliyeandika kile kitabu aliwahi kushika ndoo?"

Mwinjilisti akacheka. Kisha akauona uso wake, akaacha.

"Wale wenye nguo nyeupe wametoka kwenye dhiki, mama. Kitabu kile waliandikiwa watu wanaoteswa, wapate moyo, si wazimie kwa woga. Na damu yenyewe si yao. Ni ya Mwana-Kondoo. Yeye ndiye aliyeumia kwanza."

"Kwa hiyo naye yuko huku kwenye doa?"

"Huko huko."

"Mume wangu atapona?"

Mwinjilisti akatazama viatu vyake. "Hilo sijui, mama yangu."

"Angalau hukunidanganya." Akainuka, akamkabidhi kanzu iliyokunjamana kama uso wa mtoto anayelia. Ikabidi ipigwe pasi upya, na maiti akasubiri.

Akaingia chumbani. "Nimeuliza. Kule hawahitaji dobi. Mwenyewe ameshafua, na alianza kwa kuvuja damu yake."

Mzee akamgeukia. "Bila buluu?"

"Bila buluu."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, foronya ikalowa tena. Mama Buluu akashika beseni kwa mkono mmoja, kichwa cha mzee kwa mwingine. Hapakuwa na kingine cha kushika.

Kikohozi kilipotulia, akanyoosha mkono aichomoe foronya. Mzee akamzuia.

"Iache. Fungua dirisha, nitakufa kwa joto kabla mwisho wa dunia haujafika."

Akachomoa matambara. Spika ikaingia na nyota zake zote. Mzee akasikiliza kidogo, akalaza shavu juu ya lile doa, akasinzia. Mama Buluu akabaki pembeni ya kitanda, mikono mitupu mapajani, akisikiliza pumzi moja, kisha akingoja nyingine.