Mama Mfupa wa Utemini

Kompyuta yangu ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu Utemini, na aliyeisogelea na mikono yenye vumbi nilimfokea bila kujali umri wake. Mwaka ule wa tisini na tisa biashara ilikuwa imeshafunguliwa, vitu vinaingia kutoka kila upande wa dunia, na mimi Hajira nilikuwa nimeacha kuuza khanga, nikafungua kiduka cha kuchapa barua na mitihani ya shule. Haya, mteja wangu mkubwa akawa nani? Mselemu, muuza mitumba, baba wa watoto wanne, aliyekuja kila siku baada ya swala ya alasiri kuchora mijusi.

Tena si hii mijusi ya ukutani. Dinosaria, wale wanyama wakubwa waliokwisha duniani kabla Mungu hajamleta binadamu. Mselemu alimwona wa kwanza kwenye fulana ya mtoto, siku aliyofungua robota jipya la nguo za watoto. Mnyama ana shingo ndefu kupita twiga, mkia unaburuzika. Aliacha robota wazi sokoni, kitu ambacho muuza mitumba mwenye akili hafanyi, akakimbia na fulana ile kwa mama yake.

Mama yake ni Bi Kuluthumu. Baba yake Bi Kuluthumu alikuwa mtu wa Lindi, na enzi za Mjerumani alikuwa mpagazi. Alibeba mifupa iliyochimbwa Tendaguru, ikapelekwa bandarini Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ulaya. Mmoja wa mifupa hiyo waliubeba wanaume wengi kwa kupokezana, umefungwa kwenye miti mabegani, na yeye aliulalia kuupima: pima moja, shibiri moja na vidole vinne. Mfupa mmoja huo, wa mguu, unampita mwanamume aliyenyoosha mikono yote miwili!

Bi Kuluthumu alipoolewa na mfanyabiashara akaletwa Singida, aliisimulia habari hiyo bombani. Wenzake wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Walisema baba yake alitia chumvi gunia zima. Redempta, jirani yake Mnyiramba, mtu wa utani sana, ndiye aliyembandika jina la Mama Mfupa. Alilitoa kwa mzaha, lakini jina likaganda. Bi Kuluthumu hakulipenda hata siku moja. Akiitwa hivyo anageuza uso, na ile habari ya baba yake akaacha kuisimulia kwa watu, ila kwa mwanawe tu, nyumbani.

Sasa macho yake yalikuwa yanafunga. Daktari alisema ni presha ya macho, na mwanga ulioondoka haurudi. Alibakiwa na upenyo mdogo pembeni mwa jicho la kushoto, na mnyama wa kwenye fulana hakumwona vizuri. Ndiyo sababu Mselemu alikuja kwangu na haraka ya mtu anayefukuzwa. Alitaka mama yake amwone yule mnyama kabla upenyo ule haujazibwa.

Nilimpa kiti, nikamwonyesha ile programu ya kuchorea iliyokuja na mashine, yenye brashi, kifutio na kikopo cha kumwagia rangi. Mausi yangu ilikuwa na kigololo tumboni, kikishika uchafu inaruka ruka, kwa hiyo alijifunza kukitoa na kukisugua na spiriti. Alikuza picha mpaka ikawa viboksi vitupu, akapaka kimoja kimoja kama mtu anayepanga mbegu shambani. Umeme ukikatika kabla hajahifadhi kazi kwenye diski, anasonya, anakwenda kutawadha, kesho anaanza upya.

Na vielelezo vyake, jamani, vilikuwa hapa hapa Singida. Miguu aliitoa kwa kuku. Alikaa uani kwangu akimtazama jogoo anavyokunja vidole akinyanyua mguu, mpaka jogoo mwenyewe akaona haya. Ngozi aliitoa kwa kenge. Mgongo aliutoa kwenye yale majabali ya kando ya ziwa Singidani, ambayo mimi nimeyapita tangu utotoni nikiwaza bei ya sukari. Siku aliyomaliza mnyama wake nilisimama nyuma ya kiti na ufagio mkononi. Yule kiumbe alikuwa amegeuza kichwa, anatutazama. Nilisema subhanallah, nikakaa chini. Nilijiona mdogo, na cha ajabu, nilifurahi kujiona mdogo.

Tulimchapa kwenye printa yangu ya utepe, Mselemu akampelekea mama yake mbio. Mimi nilifuata, nisingekosa. Nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Bi Kuluthumu aliisogeza karatasi pembeni mwa jicho, akaikodolea muda mrefu, halafu akamrudishia mwanawe. Alisema kazi ni nzuri, ila chumbani kwake haikai. Picha ina uso na macho, na yeye anaswalia humo. Sura ya kiumbe chenye roho hawezi kuitundika mbele ya msala.

Mselemu alinywea. Mwaka mzima wa alasiri, na mama hawezi hata kukaa nayo! Mimi nilitaka kusema neno, Bi Kuluthumu akaniwahi.

"Baba yangu hakubeba mnyama," alisema. "Alibeba mfupa. Mfupa hauna roho, mwanangu. Nichoree huo."

Tulitazamana kama wajinga. Mselemu alikuwa amechora kucha, kope na mikunjo ya shingo, na mfupa wenyewe hakuwahi kuugusa.

Hakujua umbo lake, basi akamtafuta Mwalimu Anselm, anayefundisha jiografia, aliyekuwa na kitabu chenye picha za mifupa ya Tendaguru. Mwalimu alimwonyesha mfupa wa juu wa mguu wa mbele, akamwambia urefu wake ni mita mbili na sentimita kumi na tatu. Mselemu akasema atauchapa kwa ukubwa wake halisi, kwa sababu kitu kidogo mama hakioni tena. Nilimwuliza kama ana wazimu. Lakini karatasi za printa ile huja zimeungana, ndefu, zinatoka bila kukatika, na mashine ikalia siku nzima hadi utepe wangu ukapauka. Ilitoka mikanda mitatu. Tukaiunganisha kwa uji wa ngano, Mselemu akihakikisha kila kipande kwa tepu ya fundi cherehani.

Tuliukunjua sakafuni kwa Bi Kuluthumu, mweusi juu ya karatasi nyeupe, ukatoka ukutani hadi mlangoni. Redempta naye alikuwepo, ameleta maziwa. Bi Kuluthumu alipiga magoti, akaufuata ukingo wake kwa kiganja, polepole, toka huku hadi kule.

"Mselemu, lala hapa," alisema. "Nyoosha mikono. Wewe una mwili wa babu yako mtupu, pima yake ni pima yako."

Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Sisi tulihesabu mita za kitabuni, yeye alikuwa na pima ya baba yake, na katika pirika zote zile hakuna aliyewahi kuvipambanisha. Mselemu akalala kifudifudi, ncha ya kidole chake cha kati imegusa mwanzo wa mfupa. Mama akaweka alama pale mkono wa pili ulipoishia. Mfupa ulikuwa bado unaendelea. Akachukua kiganja cha mwanawe, akakitanua, shibiri moja. Bado. Akabana vidole vinne vya mwanawe pamoja, akavilaza pale shibiri ilipoishia.

Karatasi iliishia hapo hapo.

Bi Kuluthumu alilia, na mimi nililia, sioni aibu kusema. Kama ndio mfupa ule ule aliobeba baba yake, Mungu ndiye ajuaye. Lakini yule mpagazi hakutia chumvi hata punje. Redempta alichuchumaa karibu yake, akamshika mkono, akasema, "Nisamehe, Bi Kuluthumu. Sitakuita tena lile jina."

Bi Kuluthumu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Thubutu," alisema. "Kuanzia leo niite Mama Mfupa, na uite kwa sauti, mtaa mzima usikie."