Mrushaji Bora Asiyempata Mtu

Besiboli iliingia chuoni kwetu Karatu kama inavyoingia miradi yote: alikuja mzungu wa kujitolea na begi la magongo, akaondoka, magongo yakabaki. Tulikuwa na timu mbili tu, lakini msimu ulipoisha uongozi ukaamua kuwaenzi wachezaji bora, kwa turubai, spika na mgeni rasmi aliyechelewa kama inavyompasa. Mimi nilichaguliwa mrushaji bora. Nilifurahi mno, wala sikuficha.

Baba naye alikuwepo. Alitoka Soitsambu kuja kuamua jambo moja: nibaki chuoni au nirudi kuchunga, maana ng'ombe walikuwa wameongezeka na wachungaji wamepungua. Nilimwalika kwenye sherehe nikitegemea cheti kinisemee.

Kabla ya zawadi tuliwaonyesha wageni mchezo kidogo. Nilirusha mpira mara tatu, na mara tatu mpigaji akachapa hewa kwa gongo lake, akatolewa. Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga.

Nilipomwendea na cheti changu niliinamisha kichwa, akanigusa utosini.

"Yule kijana alikukosea nini?" akauliza.

"Hakunikosea, baba."

"Umemrushia mara tatu. Amesimama palepale, hata hakukimbia. Na hujampata."

"Ndiyo mchezo wenyewe. Mpira unatakiwa umpite."

"Kwa hiyo karatasi hii wamekupa kwa kuwa unakosa kuliko wenzako."

Alisema kwa huruma, kama anayemjulia hali mgonjwa. Kwetu, asiyeweza kumpata fisi kwa rungu haachiwi hata ndama. Baba akachomoa rungu kiunoni, akanikabidhi, akanionyesha debe tupu lililokuwa hatua ishirini hivi kutoka tuliposimama.

"Lipige lile."

Mgeni rasmi, akidhani hiyo nayo imo kwenye ratiba, akaomba utulivu.

Debe lile ningelipiga nimefumba macho. Nilimtazama baba, nikaiona miaka yangu yote iliyobaki ikipita nyuma ya mikia ya ng'ombe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikarusha, na rungu likaenda kutua karibu na masufuria ya pilau. Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilikuwa bado nimekishika cheti, na iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Baba alikwenda kuliokota rungu lake mwenyewe, akalifuta vumbi kwa shuka.

"Soma, mwanangu," akasema. "Ng'ombe nitamwachia mdogo wako."

Leo natembeza watalii Ngorongoro. Cheti kile kiko nyumbani kwa baba, naye huwaonyesha majirani bila aibu yoyote. Ila nikiwa likizo na fisi akasogelea boma, baba humwita mdogo wangu, kisha hunigeukia kwa upole na kuniambia nikae ndani na watoto.