Baba Hajui Kiswahili

Katikati ya miaka ya 2010 nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya Al Warqa, Dubai. Sir, bosi wetu, alikuwa Mbrazili aliyekuja kufundisha mieleka, na watoto wake walilelewa na mwanamke aliyetoka nao huko kusini mwa Brazili. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza. Siku ya kwanza yaya huyo aliniambia kwamba yeye pia ni Mbrazili, ila kabla ya hapo ni Mkaingang kwa kabila, na watu wake walikuwa kwenye misitu ile ya misonobari kabla nchi haijapewa jina.

Siku moja nilipotoa kuku wa barafu kwenye friza, alisoma maandishi ya katoni na kutabasamu. Kiwanda kilikuwa jirani na kwao, huenda kaka yake ndiye aliyemnyonyoa kuku yule. "Mwenzangu huyu hakuombwa pasipoti," alisema.

Kila Ijumaa alimpigia baba yake simu, amesimama penye kamba za kuanikia nguo. Kikaingang kilimtoka nusu puani, laini, kwa sauti ambayo sisi wengine hatukuwahi kupewa. Kaka zake waliokulia mjini walimjibu kwa Kireno. Baba peke yake ndiye aliyebaki kumjibu kwa Kikaingang.

Alinifundisha kwamba kwao mtu huzaliwa upande wa baba yake: Kame, wenye alama ya mistari, au Kairu, wenye alama ya duara. Huoi upande wako, wala huziki upande wako. Kame akifa, ni Kairu wanaomwonyesha njia, la sivyo roho hubaki ikiwazunguka walio hai. Nikamwambia hao ni watani, kwetu Tanga tunao, wanaotuzika huku wakitutukana. Tangu hapo tukagawana jiko. Yeye Kame alichukua visu na miiko, mimi nikawa Kairu wa sahani na sufuria. Aliponiambia jua ni la Kame, nikamtaka ukoo wake utuombe radhi kwa joto la Dubai. Madam, mke wa sir, tulimgombania, kila mmoja akimsukuma upande wa mwenzake.

Kisha baba yake akafa.

Kaka zake walimzika kwa ibada ya pasta, harakaharaka, zamu ya kiwandani ikiwangoja. Hakuitwa Kairu hata mmoja. Alitaka kwenda kuwatafuta wazee wachache waliobaki vijijini, wamsindikize baba kabla hajapotea. Madam alimkumbatia, akalia naye, kisha akasema pasipoti ziko kwa kafeel, mdhamini wetu wa viza, sir yuko safarini, tungoje, inshallah. Madam yule Mbrazili alipotamka inshallah nilijua jibu ni hapana.

Mchana huo mwenzangu alinivuta uani, mkononi ana kipande cha mkaa wa sir wa kuchomea nyama. "Wewe ni Kairu," alisema. Hakuwa akitania.

Nilimchora mistari mashavuni. Akafumba macho, akasubiri. Nilisubiri pia, nikidhani ataniambia maneno ya kusema. Ndipo nikauona uso wake ukibadilika.

"Sema," akasema.

"Niseme nini?"

Hakuyajua. Maneno ya kumsindikiza Kame hukaa vinywani mwa Kairu, na yeye alizaliwa Kame. Hakuna aliyewahi kuona sababu ya kumfundisha, maana kwao haikuwahi kufikirika mtu akaachwa peke yake kiasi hiki. Mimi niliyekuwa na kinywa sikuwa na maneno.

Nikafanya nilichokijua. Nikaweka mikono kichwani, nikalia kile kilio cha watani: mzee wee, nenda zako, umetuchosha kwa simu zako, usigeuke nyuma, mwanao hana cha kukupa huku ila kuku wa barafu, shika njia, shika njia. Nikalia kweli katikati ya mzaha. Nikaamini kwa muda kwamba anakwenda.

Akaniuliza nimesema nini. Nikamtafsiria, hata matusi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayepewa sadaka isiyomtosha.

"Baba hajui Kiswahili," akasema.

Basi la shule likapiga honi getini. Alinawa kwenye bomba la bustani akisugua kwa kiganja, na mkaa ukazidi kutapakaa, mistari ikawa doa moja. Akaenda kuwapokea watoto hivyohivyo. Mdogo alimuuliza anacheza mchezo gani. Alifungua mdomo, nami nikangoja kusikia atamjibu kwa lugha ipi. Haikutoka hata moja.