Namba Nne Kwenye Nguzo ya Kaloleni

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwa Msimamizi wa elimu ya watu wazima, mwanamke mfupi aliyevaa raba zilizochakaa kuliko zangu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na nilidhani nitapewa meza. Alinipa mwavuli wa manjano.

"Hii ndiyo ofisi yako," alisema. "Wanafunzi wakiuona juu wanajua uko wapi. Usiuinamishe."

Kazi ilikuwa kutembeza wanafunzi watu wazima: mama wa sokoni, mafundi, walinzi, watu waliokosa shule utotoni na sasa wanajifunza kusoma. Kila Jumamosi walitoka darasani, wakatembea mtaani wakisikia historia ya mahali wanapoishi, kisha kila mmoja akaandika aliyoyasikia katika daftari la ziara, kituo kimoja kila wiki. Asiyejaza daftari hilo hakupata cheti.

Nilianzia Asembo Bay, kwa wauza samaki. Huko nilijifunza kupima njia, yaani kuitembea peke yako kwanza, kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabaya. Nilijifunza kuweka mtu wa mkia, anayetembea wa mwisho ili asiachwe mtu. Na nilijifunza hodi. Kila kituo, yaani mahali tutakaposimama kusimulia, ilibidi niende siku moja kabla, nibishe mlango, niwaeleze wenyeji tunakuja kufanya nini.

"Na wakikataa?" nilimuuliza Msimamizi.

"Basi si kituo. Watu ishirini wenye madaftari mbele ya mlango wako, hujui wanaandika nini. Wewe ungelala?"

Miaka mingi baadaye, alipostaafu, nilihamishiwa Kisumu mjini, chini ya Mratibu wa Ziara, kijana nadhifu wa simu mbili. Alitaka vikundi viwili kila Jumamosi, kimoja kikifuata kingine, na hodi zilimkera. "Mzee, tunaomba ruhusa kupita barabarani? Weka alama, kikundi cha pili kifuate."

Ningeweza kuendelea kubisha. Sikuendelea. Magoti mabaya sasa yalikuwa yangu, na chaki ilikuwa nyepesi. Nikaanza kuandika namba za vituo kwenye nguzo za malango ya mtaa wa Kaloleni, moja hadi saba.

Namba nne ikaanza kufutika. Kikundi changu kikipita ilikuwepo, kikundi cha pili kikifika haipo, na mara mbili wanafunzi wa kikundi hicho walipotea. Mratibu aliniuliza nani anatuharibia. Nilikuwa na jibu kabla hajamaliza.

Katika kikundi changu kulikuwa na Wanjiku, muuza viazi wa mtaa wa Nyalenda, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya. Aliuliza nyumba hizi zilijengwa na nani, zilipewa akina nani, karatasi zake ziko wapi. Kituo cha nne alipenda kubaki nyuma akitazama paa, na kwenye kiondo alikuwa na kitambaa chenye unyevu. Niseme wazi. Angekuwa na jina la kwetu, la Kiluo, ningesema ana kiu ya elimu. Kwa kuwa alikuwa Wanjiku, nilisema anatafuta ploti, kiwanja cha kununua kwetu.

Jumamosi moja nilimsimamisha kituo cha nne, mbele ya wenzake.

"Mama, kitambaa cha nini?"

"Cha mikono, Mzee. Viazi vina udongo."

"Na namba yangu inafutwa na udongo?"

Fundi baiskeli mmoja akadakia, "Anataka kununua mtaa kwa gunia la waru." Waru ni viazi kwa lugha ya kina Wanjiku. Wakacheka, nami sikuwazuia.

Wanjiku alifunga daftari. "Nimekaa nyumba za kupanga maisha yangu yote. Nilitaka kujua wengine walizipataje. Kumbe kuuliza ni wizi." Akaondoka. Nikaandika ripoti, Mratibu akalitoa jina lake kwenye orodha ya wanafunzi.

Jumamosi iliyofuata namba nne ikafutwa tena.

Ile iliyofuata, nilimwachia mtu wa mkia mwavuli, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Kikundi kilipokata kona, mlango ukafunguka. Akatoka bibi kizee na ndoo na tambara. Mtaa mzima ulimwita Dani, yaani nyanya.

"Dani, kwa nini unaifuta?"

"Kumbe ni wewe unaandika." Hakuacha kusugua. "Nyumba ikiandikwa inabomolewa. Nani hajui? Leo alama, kesho tingatinga."

"Hii ni ya masomo tu. Wanafunzi wanasimama hapa wasikie historia ya nyumba hizi."

"Nani anawaambia?"

"Mimi."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe ulikaa hapa lini?"

Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu. Kitanda na kabati alikuwa ameshavipeleka kwa mpwa wake kijijini. Nilimwapia kwamba namba haina ubaya. "Hata wa kubomoa ataapa," alisema, akafunga mlango. Mwezi haukuisha akahama.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu, na la pili ukabila. La tatu nililifanya macho yakiwa wazi: sikumwambia Mratibu ukweli, kwa sababu ripoti ilikuwa na sahihi yangu. Nilisogeza kituo cha nne hatua chache mbele, nikaendelea na kazi mpaka kustaafu. Siku ya kuniaga Mratibu alisema, "Mzee hajawahi kupoteza mwanafunzi." Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia.

Ninyi mnaoongoza vikundi leo mna ramani kwenye simu, hamhitaji chaki. Hodi bado mnaihitaji. Mimi nilichelewa kuikumbuka, na mlango wa kwanza niliobisha baada ya kustaafu ulikuwa wa duka la viazi, Nyalenda.

Wanjiku alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Mzee. Umekuja kununua ama kuandika ripoti?"

Nilimweleza yote: Dani, ndoo, kimya changu. Nilisema nimemwandikia Mratibu barua ya kukiri na bado hajajibu. Yeye aliendelea kupanga viazi.

"Yule wa baiskeli alipata cheti?"

"Alipata."

Akainama chini ya meza, akatoa daftari. Kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu vilijaa herufi zake kubwa. Ukurasa uliofuata uliandikwa "Kituo cha Nne", na chini yake hakukuwa na kitu.

"Cheti si changu kutoa," nilisema. "Njia naijua. Twende vituo vilivyobaki, na kila mlango nitabisha."

Alimwita jirani amwangalizie duka. Akatoa kitambaa, akajipangusa mikono polepole, akihakikisha nimekiona.

"Sawa. Lakini wewe utatembea mbele, mimi nitakuwa mkia. Nataka kuona mikono yako."

Nikatangulia, mikono nimeikunja mgongoni, mahali ambapo angeiona.