Kitanda cha Kumi

Kwenye kitanda cha kumi, fundi seremala hana mzaha. Vile tisa vya kwanza huviuza kama watu wote. Cha kumi ni fungu la Mungu, humpa bure mtu anayelala chini. Hicho hukichagulia mbao bora, kisha hukipapasa kwa vidole vyake vyenye gundi kama mama anayepima homa ya mtoto. Leo cha kumi ni cha mjane wa nyumba ya tatu, na shemeji wa fundi amemkuta amekipindua, anapiga msasa upande wa mvunguni.

“Shemeji, kwa vitanda ulivyogawa, saa hizi ungekuwa na nyumba ya kupangisha. Na hapo chini nani atapaona?”

“Yule ninayeweka akiba kwake.”

“Akiba huwekwa benki.”

Fundi akapuliza vumbi. Sauti yake haikupanda.

“Benki yako ilifungwa mwaka juzi, ukaja kulia hapa hapa kwenye benchi langu. Yangu haijafungwa hata siku moja, na simwombi mtu radhi kwa kuweka humo.”

Shemeji akatazama benchi.

“Haya, shika kitanda huko miguuni,” fundi akasema. “Twende nyumba ya tatu, ukaone tawi la benki yangu.”