Kuku wa Kumwingiza Mkwe

Nilikuwa muuguzi kijana katika wodi ya wanawake, Likasi, na nilijiona najua kila kitu. Kwenye karatasi za wagonjwa niliandika homa, maumivu, kula, kulala. Mama mmoja kutoka Kambove, mwenye saratani ya kizazi, alikuwa fahari yangu. Dawa ilimtuliza, hakulalamika, shuka zake zilikuwa safi. Nikaandika: hali yake nzuri.

Mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alimletea uji kila adhuhuri akitoka kiwandani. Alisimama nje ya dirisha, kageuza mgongo, akapitisha chombo bila kutazama ndani. Mimi, mtoto wa kambi ya wafanyakazi niliyelelewa na masista, nikaona ni dharau. Siku moja nikachemka. Nikamvuta mkono mpaka kitandani.

"Mwangalie mama yako!"

Mama alijifunika shuka gubigubi. Mkwe akatoka mbio. Siku mbili mama hakutia kitu kinywani.

Nikapiga magoti kando yake, aibu imenijaa. "Mama, nimekosea nini?"

"Ile kuku ya kumuingiza mukwe mu nyumba, siyamupikia bado," alisema. "Mbele ya kuipika, hawezi kuniona. Na ni miye njo mwenye kuipika, hapana mwengine. Nikikufa bila kuipika, atabakia mugeni kwetu siku yote. Weye unasemaka niko bien. Niko bien wapi?"

Nilikwenda kwa sista mkuu kuomba ruhusa ya kuwasha moto ili mama apike. Alikataa. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka, na mwishowe akasema, basi, nyuma ya chumba cha kufulia, na nisimwambie daktari.

Binti alileta kuku na mbabula, jiko la makaa. Asubuhi hiyo mama alikataa sindano, maana ilimlevya usingizi. Tulimshika wauguzi wawili, huku na huku, na yeye akakaanga, akaonja, akasonga bukari, ugali wetu, kwa mkono wake. Jasho lilimtiririka, maumivu yalimkunja. Kwa karatasi yangu, hiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Lakini alikuwa akinigombeza kwa kukata vitunguu vibaya, na sijapata kufurahia kugombezwa kama siku ile.

Mkwe alikuja na shati lililopigwa pasi, macho chini. Mama akamwekea paja la kuku mkononi.

"Kula, mwana. Uniangalie."

Akainua macho. "Mama," akasema, na machozi yakamtoka mwanaume mzima. Alikula, akaramba vidole.

Miguu ya mama ilipoishiwa nguvu, tulitaka kumbeba. Mkwe akatutangulia. Alimnyanyua mikononi, akampitisha katikati ya wodi, wanawake wakipiga vigelegele, na mama akawapungia mkono kitanda kwa kitanda.